Ikifika wiki ya kumi nakula mara moja kwa siku. Je, tatizo ni mimi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana, mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimepanga chumba nje ya chuo. Pesa ya matumizi naipata mara moja tu, mwanzoni mwa muhula. Muhula una wiki 17, lakini ikifika wiki ya kumi sina kitu, napiga pasi ndefu mpaka mitihani iishe: nakula jioni tu, siku nyingine chai peke yake. Wenzangu wakienda kula nawaambia nimeshiba. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu hauingii. Dada yangu anasema sijui kupanga pesa. Mama nikimwambia atauza kitu, na wadogo zangu bado wanasoma. Kati ya kila 100 ninayopata, 48 ni kodi, 15 nauli, 9 kuchapisha kazi na bando la intaneti, 6 sabuni na mahitaji ya kike. Inabaki 22 ya chakula. Nifanyeje? Akili yangu inaharibika? Na siku ya mtihani, kama nina mlo mmoja tu, niule saa ngapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Udaktari sina, mimi ni mtu wa lishe, ila salamu nimeipokea. Kwa miaka mingi nimepokea wanafunzi wanaokuja kulalamikia kichwa, tumbo au usingizi, na mara nyingi njaa huitaja mwishoni kabisa, mtu akiwa ameshashika kitasa cha mlango, tena kwa kicheko. Wewe umeanza nayo. Umenirahisishia kazi.

Nianze na akili yako, maana nahisi ndiyo inayokutisha zaidi. Haijaharibika. Mwishoni mwa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza kazi na vijana 36 wa kiume, wenye afya, waliojitolea kula chakula pungufu kwa wiki 24 ili ijulikane njaa inamfanya nini binadamu na namna ya kumrudisha. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Walilalamika kwamba hawatulii, wanasoma hakiingii, wamekuwa wakali kwa wenzao bila sababu. Wapo waliokuwa wakisoma vitabu vya mapishi kama mtu anayesoma riwaya. Lakini walipopewa majaribio ya akili, uwezo wao haukuwa umeshuka. Akili ilikuwepo, ila ilikuwa imeshikwa na kazi nyingine.

Njaa yako si ya kiwango chao, wala usijipime nao. Lakini kazi hiyo nyingine unaijua. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali mwili ukiwa umepumzika unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, na mwili huulinda kwa wivu: ukiruka mlo, ini hutoa sukari ya akiba na ubongo hupata chake. Kinachouzuia ule ukurasa usiingie, kwa sehemu kubwa, ni hesabu inayoendelea chini kwa chini wakati macho yako yako kitabuni. Nikila sasa, jioni nitakula nini? Yule wa chumba cha pili huwa anapika saa ngapi? Nikipita pale kama kwa bahati, wataona nimefuata chakula? Hesabu hiyo haina likizo. Ukijumlisha na usingizi wa tumbo tupu, ambao hukatika katika, na uwezekano wa upungufu wa madini ya chuma, ambao nitaurudia, unapata picha kamili ya ukurasa unaosomwa mara tatu.

Sasa, je, hali yako ina jina au ndiyo maisha ya chuo tu? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hupima jambo hili kwa maswali manane. Yanakwenda hivi, kwa maneno yangu: kwa sababu ya kukosa pesa au uwezo, umewahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula kitakuishia? Umeshindwa kula chakula bora? Umekula aina chache tu? Umeruka mlo? Umekula kidogo kuliko ulivyopaswa? Chakula kimekuishia ndani? Umesikia njaa ukaacha kula? Umeshinda siku nzima bila kula? Tazama yalivyopangwa. Njaa haianzii tumboni, inaanzia kwenye wasiwasi, kisha inashuka kwenye ubora wa chakula, kisha kwenye wingi, na mwisho kabisa ndipo siku nzima inapita mkavu. Kwa barua yako peke yake naona "ndiyo" zisizopungua tano. Huo ni uhaba wa chakula, na si ule wa mwanzo mwanzo.

Hili la "kila mwanafunzi hupitia" silipendi hata kidogo, na nitakwambia kwa nini. Ni kweli kwamba hauko peke yako: Marekani, nchi tajiri, takwimu za kitaifa za wanafunzi za mwaka wa masomo 2019/20 zilionyesha kuwa karibu 23 kati ya kila wanafunzi 100 wa shahada ya kwanza hawakuwa na uhakika wa chakula. Lakini jambo kuwapata wengi halilifanyi kuwa sehemu ya masomo. Wanaolisimulia kwa fahari ni wale waliomaliza. Walioacha chuo kwa sababu hiyo hiyo hatuwasikii wakisimulia.

Twende kwenye ile 22 yako. Nimekupigia hesabu, nirekebishe nikikosea. Wiki tatu za kwanza pesa ipo, unakula vizuri, unawanunulia waliokulisha muhula uliopita. Tuseme inatoka 3 kwa wiki. Zimeondoka 9. Wiki ya nne mpaka ya tisa umeshaanza kujibana, inatoka 2 kwa wiki. Zimeondoka 12. Jumla 21. Unaingia wiki ya kumi na 1 mkononi, na mbele kuna wiki nane.

Dada yako ana haki kidogo. Zile wiki tatu za mwanzo zimekula zaidi ya fungu lao. Lakini hebu tumpe haki yote: chukua 22, igawe sawasawa kwa wiki 17. Unapata kama 1.3 kwa wiki. Kama 2 ilikuwa tayari ni kujibana, hiyo 1.3 ni nini? Ni njaa nyepesi ya muhula mzima badala ya njaa kali ya wiki nane. Kupanga pesa kungeihamisha njaa, kusingeiondoa. Ili ule kwa 2 kila wiki hadi mwisho unahitaji 34. Unayo 22. Pengo ni 12, na pengo hilo hakuna daftari la matumizi litakaloliziba, hata uandike kwa wino wa dhahabu.

Ernst Engel, mwanatakwimu wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Angeiona 22 yako angekudhania mtu mwenye nafasi! Hakukutana na mwanafunzi wa kupanga. Kwako chakula kimepata 22 kwa sababu wengine wote wamepita mbele yake. Kodi ina mwenye nyumba, atagonga. Nauli ina kondakta. Kazi isiyochapishwa ina mhadhiri. Chakula hakina mtu wa kukidai. Ndiyo gharama pekee unayoweza kuikata usiku, peke yako, bila mtu kujua, na asubuhi ukavaa vizuri ukaenda darasani. Ndiyo maana inakatwa. Dawa, kwa hiyo, ni kukipatia chakula mdai, na kisha kwenda kupunguza huko pengo linakotoka.

Mdai kwanza. Siku pesa inapoingia, kabla hujafanya lolote baada ya kodi, nunua vikavu vya muhula mzima: nafaka, jamii ya kunde, mafuta, chumvi. Vigawe kwenye mifuko 17, andika namba ya wiki kwa kalamu ya wino mzito, vitie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana ili wadudu na unyevu wasikutangulie. Faida ya jumla kwa bei ipo, lakini faida ninayoipenda mimi ni nyingine. Rafiki anaweza kukukopa pesa, na wewe, nakuona ulivyo, ungempa. Hatakuja kukukopa mfuko wa wiki ya 14. Na ukijikuta unafungua mfuko wa sita katika wiki ya nne, taarifa umeipata mapema, si siku ya kukwangua sufuria.

Pengo lenyewe liko kwenye kodi na nauli. Hizo mimi naziona gharama moja yenye majina mawili, maana ukisogea karibu na chuo kodi inapanda nauli inashuka, ukienda mbali ni kinyume chake. Wewe kwa pamoja zinakula 63. Kabla ya muhula ujao tafuta mtu wa kuchangia naye chumba. Si lazima kodi igawanyike nusu kwa nusu. Hata mkichukua chumba kikubwa kidogo na fungu lako likashuka kutoka 48 hadi 36, zile 12 zimepatikana na pengo limezibika. Hakuna ujanja wa jikoni utakaokupa 12. Najua kuishi na mtu ni kazi, hasa ukiwa mtu wa kimya. Lakini linganisha na hiyo chai ya jioni.

Kama chumba hakiwezekani kwa sasa, sufuria inawezekana. Watu watatu au wanne wakipika pamoja, moto ni mmoja, mafuta hayamwagiki mara nne, na mnanunua kwa kipimo kikubwa. Tuseme gharama yako inashuka kutoka 2 hadi 1.5 kwa wiki: unahitaji 25 na nusu badala ya 34, pengo linabaki 3 na nusu. Hilo linaongeleka. Vyungu vya pamoja huvunjika kwa mambo mawili, na yote nimeyaona. La kwanza ni kuchanga pesa kila wiki, kwa hiyo kila wiki kuna mmoja ambaye "kesho nitatoa". Changeni vitu, tena mwanzoni mwa muhula. La pili ni zamu ya kupika wakati wa mitihani. Amueni mapema kwamba wiki hizo mnapika vitu vyepesi, au mwenye mtihani siku hiyo harudi jikoni. Kuosha vyombo gombaneni tu, hakuna aliyekufa kwa hilo.

Kuhusu chakula chenyewe sitakupa orodha ya mapishi. Nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja zinakamilishana protini, kila moja inaziba upungufu wa mwenzake, kwa hiyo usione ni chakula cha dhiki. Kunde kavu ziloweke usiku, zitaiva haraka na utaokoa moto. Ukiwa na mlo mmoja mkubwa wa jioni, jaribu kuugawa vipande viwili, hata kimoja kiwe kidogo. Tumbo linalokaa saa 23 likingoja hukufanya ule haraka, ulale vibaya, uamke umechoka. Lakini ukibakiza, angalia kiporo. Wali uliolala nje usiku kucha kwenye chumba chenye joto unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo kupasha moto hakuiondoi. Usipokuwa na friji, pika cha siku hiyo, ule cha siku hiyo.

Na chai. Inazima njaa kwa muda, ndiyo maana umeikimbilia, sikulaumu. Ila ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayafyonza kutoka kwenye mboga na nafaka. Wewe ni msichana, kila mwezi unapoteza damu, na kwa miezi miwili katika kila muhula unakula kidogo. Upungufu wa chuma huleta uchovu na kushindwa kutuliza mawazo hata kwa mtu aliyeshiba. Iache chai ikae mbali na mlo, kama saa moja hivi, na ukila mboga za majani ongeza kitu chenye vitamini C, hata limau la kukamulia. Kwenye zahanati ya chuo omba wapime wingi wa damu. Na kama unapata kizunguzungu ukisimama, umezimia hata mara moja, hedhi imekatika, au nguo zimeanza kukupwaya, usisubiri muhula uishe.

Sasa hili gumu, la kusema. Mwanauchumi Amartya Sen aliandika mwaka 1981 kwamba watu hufa njaa hata mahali chakula kipo, kwa sababu hawana njia ya kukifikia. Mgahawa wa chuo uko hatua chache kutoka ukumbi wa mihadhara, umejaa, na wewe unapita ukisema umeshiba. Njia za kukifikia zipo zaidi ya pesa yako, ila karibu zote zinapita mdomoni. Hata zile za haki. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilieleza mwaka 2018 kwamba karibu wanafunzi milioni 2 waliokuwa na dalili za kustahili msaada wa chakula hawakuwa wakisema wanaupata. Wengine hawakujua. Wengine, nadhani, walikuwa wameshiba kama wewe.

Nenda kwa mshauri wa wanafunzi katika wiki ya tatu, si ya kumi na mbili. Katika wiki ya tatu wewe ni mtu mwenye hesabu mkononi. Katika ya kumi na mbili utakuwa mtu anayelia, na ofisi nyingi hazijui la kumfanyia mtu anayelia. Beba karatasi yenye zile namba ulizonipa mimi. Uliza kama kuna mfuko wa dharura, kama kuna kazi za saa chache ndani ya chuo, kama pesa yako inaweza kutolewa kwa awamu badala ya mkupuo mmoja, na kama kuna hifadhi ya chakula ya wanafunzi, yaani mahali mwanafunzi aliyepungukiwa anapopewa chakula bure. Usishangae hiyo ya mwisho. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kina hifadhi inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe tangu 1993, na vyuo vingi vimefuata. Kama chuo chako hakina, swali lako angalau litakuwa limeulizwa.

Mama yako usimwambie "nina njaa". Neno hilo mzazi halibebi, ataenda kuuza hicho kitu. Mwambie namba. Kitu kama hiki: "Mama shikamoo. Nimepiga hesabu ya muhula, chakula kinapungua kuanzia wiki ya kumi. Naomba usitume pesa sasa. Kama utaweza, nitumie nafaka nikiondoka nyumbani mwezi ujao, na natafuta wa kuchangia naye chumba." Hapo umempa tatizo lenye mwanzo na mwisho, na umemwonyesha sehemu yako. Wazazi wengi wanaweza kutoa chakula hata pale wasipoweza kutoa pesa, na kukitoa hakuwaumizi vile vile.

Mikopo ya haraka ya kwenye simu iache. Inakuja wiki ya kumi na moja, inarudishwa na pesa ya muhula ujao, na hapo ile 22 inakuwa 15. Na mwaliko wa chakula kutoka kwa mtu mzima asiyekufahamu vizuri, ambaye kila mara anataka uje peke yako, wewe ni mtu mzima, unaelewa ninachosema.

Mwaliko wa wenzako ni jambo jingine kabisa. Nilipokuwa chuo nilitembea na kijiko kwenye mkoba muhula mzima. Nilijiambia ni usafi. Ukweli ni kwamba sikujua siku hiyo ni chumba gani kitakuwa kinapika, na mwenye kijiko chake haulizwi sana, anasogezewa sahani. Miaka kadhaa baadaye mmoja wa wale waliokuwa wakinisogezea aliniambia walikuwa wanajua, na kwamba wao wenyewe wiki nyingine walikuwa wakinitegemea mimi kwa noti za darasani. Kwa hiyo huko kushiba kwako, siamini kama kuna anayekuamini.

La mtihani. Ukianza saa tatu asubuhi, kula saa moja na nusu, si usiku uliotangulia. Kiwe kitu chenye wanga unaokwenda polepole na protini kidogo: nafaka isiyokobolewa na yai, au kile kiporo cha kunde kama una friji. Usile kingi kuliko ulivyozoea, tumbo lililozoea kidogo likijazwa ghafla litakuletea usingizi katikati ya swali la pili. Maji kunywa. Kahawa kama hujaizoea, siku hiyo si ya kuijaribia. Na kama mtihani ni wa mchana, gawa huo mlo mara mbili: sehemu ya kwanza ile saa mbili asubuhi, ya pili dakika tisini kabla ya kuingia.

Kisha niandikie wiki ya tatu ya muhula ujao, uniambie mfuko wa ngapi umefunguliwa.